"Fundi, mashine imekataa": FoxPro ya 1994 juu ya seva moja ya Linux, Langoni

Duka lina kaunta tatu hapa Langoni, Lamu, na ghala moja upande wa ufukweni. Wanauza misumari, rangi, mabati, saruji, vitasa na kamba za mashua. Programu yao ya stoki iliandikwa kwa FoxPro 2.6, lugha ya hifadhidata ya DOS (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft), toleo ambalo Microsoft ililitoa mwaka 1994. Aliyeiandika alishahama zamani, na msimbo wake akaondoka nao. Mwenye duka haoni sababu ya kuibadilisha: inajua bei, inajua nani anadaiwa, na wafanyakazi wanaiendesha bila kutazama kibodi. Kilichokufa ni kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa chumvi ya bahari. Mwisho nikamwekea seva moja ya Debian, aina ya Linux, ghorofani. Kaunta zina mashine kuukuu zinazoingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali), na FoxPro inakimbia ndani ya dosemu2, programu inayoigiza DOS juu ya Linux, kila keshia kwa akaunti yake.

Siku ya kwanza ilifanya kazi. Siku ya pili simu zikaanza.

DOS ilizaliwa 1981 kwa mashine ya mtu mmoja. Programu iliyoandikwa kwa ajili yake huamini kwamba diski ni yake, prosesa ni yake, printa ni yake, na hakuna mwingine nyumbani. Unix ni nyumba ya wapangaji tangu msingi wake, na Linux imerithi tabia hiyo. Karibu kila dalili niliyoikuta ni pale imani ya FoxPro ilipogongana na jirani. Ndiyo maana nikipigiwa simu naanza na maswali mawili: "Inakataa kwa wote au kwako peke yako?" na "Nani aliitumia kabla yako?" Majibu yake yamenipunguzia ngazi nyingi za kupanda.

"Jana ilifungua, leo inasema File access denied"

Hii ndiyo simu ya mara nyingi kuliko zote. Kaunta moja inafanya kazi, nyingine mbili zimekataliwa. Panda kwenye seva utazame:

`ls -l /srv/duka/data`

Utakuta mafaili yote ni ya kikundi `duka`, isipokuwa moja au mawili yanayosomeka `-rw-r--r-- kaunta1 kaunta1`. Hapo jibu umeshalipata. Jana jioni aliye kaunta ya kwanza alichagua "Safisha mafaili" kwenye menyu. Amri iliyo nyuma ya menyu hiyo ni PACK, na PACK hailisafishi faili lilipo: huandika faili jipya, kisha hulipa jina la lile la zamani. Kwa DOS ni faili lilelile. Kwa Unix ni mtoto mpya, mwenye mzazi mpya na ruhusa mpya. Wengine wanaweza kulisoma, hawawezi kuliandika.

Kurudisha ruhusa kwa mkono ni dawa ya siku moja, kesho atasafisha tena. Dawa yenyewe ina sehemu tatu, na ukiacha moja ugonjwa unarudi:

`chgrp -R duka /srv/duka`
`chmod -R g+rwX /srv/duka`
`find /srv/duka -type d -exec chmod g+s {} +`

Ile `g+s` kwenye folda ndiyo inayofanya kila faili jipya lizaliwe na kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Lakini kikundi bila ruhusa ya kuandika hakisaidii, kwa hiyo kwenye skripti inayoanzisha dosemu weka `umask 002` juu ya mstari unaoiita (umask ndiyo inayoamua ruhusa za faili jipya). Usiiweke kwenye `.bashrc` ukadhani imetosha. Mimi nilifanya hivyo, na kaunta ya tatu, inayoanzisha programu moja kwa moja bila kupitia maelekezo ya bash, ikaendelea kuzaa mafaili ya peke yake wiki nzima kabla sijaelewa. Siku hizi naongeza na `setfacl -R -d -m g:duka:rwX /srv/duka`, ili hata umask ikisahaulika folda yenyewe ikumbuke.

Kuna atakayekwambia upige `chmod 777` (ruhusa zote kwa kila mtu) uende zako. Itafanya kazi, na siku kijana wa ghala atakapofuta folda kwa bahati mbaya itakuwa imefanya kazi pia.

"Mauzo ya jana yamepotea" na baada ya saa moja yamerudi

Kabla ya kutafuta jini, tafuta herufi. Kwa Unix, `MAUZO.DBF` na `mauzo.dbf` ni mafaili mawili. Kwa DOS ni moja. Mtu akirudisha nakala kutoka kwenye flashi, majina yanaweza kuja kwa herufi ndogo na kukaa ubavuni mwa yale makubwa. Baada ya hapo DOS inaokota moja kati ya mapacha hao, na huwezi kuitegemea iokote lilelile kila mara.

`ls /srv/duka/data | tr a-z A-Z | sort | uniq -d`

Amri hiyo ikitoa jina lolote, una pacha. Usifute chochote. Watoe wote nje, tazama ukubwa na tarehe, kisha mfungue mmojammoja.

Wa kwanza kufungua anafanya kazi, wengine wanaambiwa faili linatumika

Hapa FoxPro yenyewe ndiyo mchoyo. Usipoiambia vingine, hufungua mafaili kwa kuyamiliki peke yake. Tena ina faili lake la mapendeleo, `FOXUSER.DBF`, ambalo wawili hawawezi kulishika pamoja. Dawa iko kwenye `CONFIG.FP`, faili la mipangilio ya FoxPro:

`EXCLUSIVE = OFF`
`RESOURCE = OFF`
`TMPFILES = C:\TEMP`
`PATH = D:\DATA`

Mistari miwili ya chini ilinifundisha kwa aibu. Ripoti ya jioni huundwa kwanza kwenye faili la muda, na jina la faili hilo halibadiliki. Kaunta mbili zikichapa ripoti dakika moja, ya pili inaandika juu ya ya kwanza. Jioni moja kaunta ya pili ilitoa jumla ya kaunta ya kwanza hadi senti ya mwisho, na mwenye duka akaanza kumtazama keshia kwa jicho lingine. Kijana hakuwa na kosa.

Dosemu humpa kila mtumiaji diski yake ya C: ndani ya folda yake ya nyumbani. Itumie fursa hiyo: data ya pamoja iwe D:, vya muda viwe C:, na programu ianze ikiwa imesimama C:. Hivyo hata faili lisilo na anwani kamili litaangukia nyumbani kwa mwenyewe. Ila kama aliyeandika programu alilazimisha umiliki ndani ya msimbo wake, `CONFIG.FP` haina nguvu juu yake, na kaunta zako zitabidi zipokezane.

Rekodi imefungwa na haifunguki

"Record is in use by another", lakini kila kaunta inaapa haijagusa. Mara nyingi wote wanasema kweli. Aliyeshika ni mzimu: kikao kilichokatika na mchakato wake ukabaki hai kwenye seva, kufuli mkononi.

`sudo fuser -v /srv/duka/data/MAUZO.DBF`

Utaona namba za michakato na wenyewe. Akaunti moja ikiwa na mbili, mzimu ni wa zamani. Mwondoe kwa `kill` ya kawaida, umpe nafasi ya kufunga mafaili. `kill -9` ni kama kumtupa mtu baharini na daftari lako mfukoni.

Kama mashine ya ghalani inaifikia folda ileile kupitia Samba (programu ya kushirikisha folda na Windows), kuna mtego mwingine. Samba humruhusu mteja wa Windows kutunza nakala ya faili upande wake kwa ahadi kwamba hakuna mwingine analigusa. Dosemu iliyo kwenye seva haijui habari za ahadi hiyo. Kwenye usanidi wa folda hiyo weka `veto oplock files = /*.DBF/*.CDX/*.FPT/`, uandike na majina ya herufi ndogo. Bora zaidi ni ghala nalo liingie kwa SSH kama wengine.

Kikao kinakatika, halafu data inachechemea

Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake nene zinaimeza waifai. Kaunta ya nyuma ilikuwa inakatika mara kadhaa kwa siku. Kila ikikatika, dosemu inapokea ishara ya kufa, na FoxPro inakufa katikati ya kuandika. Nilivuta kebo pale ilipowezekana. Kotekote nimeweka tmux, programu inayoshikilia kikao hai kwenye seva, kati ya keshia na dosemu:

`tmux new-session -A -s kaunta2`

Mawasiliano yakikatika, programu inaendelea kusubiri kwenye seva. Keshia akirudi anaikuta risiti yake kama alivyoiacha. Kwa hatua hiyo moja nusu ya simu zilikoma.

Umeme ukienda na betri ya seva ikaisha, tmux haisaidii. Hapo utakutana na moja kati ya haya: orodha haijapangwa au bidhaa haipatikani ingawa ipo, na hiyo ni faharasa, faili la CDX, wala haihitaji mganga. Watoe watu wote, endesha REINDEX, basi. Au FoxPro inasema "Not a database file". Au, kibaya kuliko vyote kwa sababu hakina kelele, risiti za mwisho hazionekani.

Kwa hayo mawili ya mwisho tazama kichwa cha faili la DBF, lile lenye data. Baiti nne kuanzia nafasi ya 4 zinabeba idadi ya rekodi. Baiti mbili kuanzia ya 8 ni urefu wa kichwa, na mbili kuanzia ya 10 ni urefu wa rekodi moja.

`od -A d -t u4 -j 4 -N 4 MAUZO.DBF`
`od -A d -t u2 -j 8 -N 4 MAUZO.DBF`

Mara moja nilikuta kichwa cha baiti 417, rekodi ya baiti 96, na idadi iliyoandikwa 12841. Faili lenyewe lilikuwa na baiti 1,234,306. Toa 417, toa 1 ya alama ya mwisho, gawa kwa 96: unapata 12853 kamili. Rekodi 12 zilikuwa zimo ndani ya faili, ila kichwa hakikuwa na habari nazo. Nilinakili faili, nikarekebisha zile baiti nne kwenye nakala kwa kihariri cha baiti, nikatengeneza faharasa upya, na risiti 12 zikajitokeza. Hesabu ikija kinyume, kichwa kikidai rekodi nyingi kuliko zilizomo, ndipo FoxPro inapolikana faili. Dawa ni ileile: andika idadi ya kweli. Kugawanya kukitoa desimali, rekodi ya mwisho ilikatwa katikati. Hesabu nzima tu, na mwambie keshia atafute karatasi ya mauzo yale ya mwisho.

Fanya haya kwenye nakala. Nakala. Si faili lenyewe.

"Fundi, fremu imekuwa Kifaransa"

Mistari ya kuzunguka menyu inaonekana `ÚÄÄÄ¿` na `³`. Hakuna kilichoharibika. DOS ilichora mistari kwa ukurasa wa herufi 437, ambamo namba 196 ni mstari wa kulala. Kwenye jedwali la Kilatini namba hiyohiyo ni Ä. Kwenye dosemu weka seti ya ndani iwe cp437 na ya nje utf8. Hakikisha akaunti ina lugha ya UTF-8 (`locale` itakuambia), na upande wa keshia, kama ni PuTTY (programu ya SSH), chagua UTF-8 kwenye ukurasa wa Translation. Kaunta moja ikiwa sawa na nyingine si sawa, usiguse seva kabisa.

Vitufe vya F ni ndugu wa tatizo hili. F10 ya FoxPro inaliwa na menyu ya dirisha la terminali, F1 inafungua msaada, F11 inajaza skrini. Zima njia hizo za mkato kwenye terminali. Usipoweza, dosemu ya terminali inakubali Ctrl na ^ kisha 1 badala ya F1, na 0 badala ya F10. Makeshia waliichukia njia hiyo, na nawaelewa.

Seva nzito wakati hakuna anayefanya kazi

Hii ilinizungusha. Asubuhi, watu wamejaa, kasi nzuri. Saa saba mchana, watu wameenda kuswali na kula, anayebaki analalamika kuwa skrini inatambaa. Nikafungua `top`: michakato mitatu ya dosemu, kila mmoja umemeza kiini kizima cha prosesa.

Programu ya DOS ikisubiri kitufe hailali. Inauliza kibodi "kuna kitu?" maelfu ya mara kwa sekunde, kwa sababu zamani hapakuwa na mwingine wa kumwachia nafasi. Keshia akiwa anaandika risiti, mchakato unaenda diski na kurudi. Akiondoka na kuiacha menyu wazi, ndipo inapozunguka bila kikomo. Dosemu ina kipimo cha kutambua mzunguko huo, `$_hogthreshold`. Kikiwa 1 huwa mpole kuliko vyote kwa majirani, namba kubwa humpendelea DOS, na 0 huzima upole wenyewe. Niliweka 1, na mchana ukawa mchana.

Kaunta moja ikiwa polepole siku zote, shida ni nyingine. Prosesa iliyo chini ya mfumo wa biti 64 haiwezi kuendesha hali ya zamani ya DOS moja kwa moja, kwa hiyo dosemu2 huomba msaada wa KVM, uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe. Ikinyimwa, inaigiza prosesa kwa programu, na kasi inashuka. Angalia kama akaunti imo kwenye kikundi: `id kaunta3`. Kama haimo, `usermod -aG kvm kaunta3`, kisha atoke na kuingia tena. Wala usijipime kwa kukaa mbele ya seva yenyewe. Aliyekaa kwenye skrini ya seva hupewa ruhusa ya `/dev/kvm` na mfumo bila kuomba, anayeingia kwa SSH hapewi. Nilisema "mbona kwangu inakimbia" mara tatu kabla ya kulijua hilo.

Printa

Ankara imetoka na `@` na `E` za ajabu mwanzoni mwa mistari: FoxPro inatuma amri za printa za Epson, ambazo huanza na herufi ya ESC isiyoonekana, na kuna kitu njiani kinazichukulia kama maandishi. Kwa printa ya utepe, foleni ipokee data ghafi (`lpr -l`). Printa ya kisasa isiyojua lugha hiyo itahitaji mkalimani au kustaafishwa.

Ankara moja imegawanyika vipande viwili: dosemu hukata kazi programu inaponyamaza kwa muda fulani. Ongeza muda huo. Maandishi yanateleza zaidi kila ukurasa: programu inahesabu mistari 66 kwa karatasi ya inchi 11, na mtu ameweka A4, ambayo inabeba 70.

Mengine kwa ufupi

Risiti ya saa tatu asubuhi inasomeka 06:00: seva iko kwenye saa ya UTC. `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha anzisha vikao upya.

"Runtime error 200" ilitoka kwenye kijiprogramu chao cha kuchapa lebo, kilichoandikwa kwa Turbo Pascal. Kikianza, hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko ndani ya milisekunde 55 na kugawa kwa 55. Prosesa ya leo inatoa jibu lisiloingia kwenye biti 16, na kinaanguka. Nakiendesha ndani ya DOSBox, kiigizaji kingine cha DOS, nikiwa nimeshusha `cycles` (kasi yake) hadi 3000. DOSBox ilijengwa kwa ajili ya michezo, na kwa lebo inatosha, lakini data ya watu watatu singeikabidhi.

Mwenye duka pia alikuwa na programu ya mishahara ya Windows, nikaiweka kwenye Wine, inayoendesha programu za Windows juu ya Linux. Iliingia kwa akaunti yangu, na kwa karani ikasema haijawahi kusakinishwa. Ni kweli: Wine humpa kila mtumiaji Windows yake ndani ya `~/.wine`, na rejista yake humo. Usijaribu kuwashirikisha wawili folda moja, Wine itakataa kwa kusema si yako. Sakinisha kwa akaunti ya karani, uelekeze data tu mahali pa pamoja.

Nakala ya usiku huchukuliwa saa nne na nusu. Kunakili DBF na faharasa yake watu wakiwa ndani ni kupata mafaili mawili ya nyakati mbili, kwa hiyo skripti huuliza `fuser` kwanza. Ikikuta mtu, hainakili, bali hunitumia jina la akaunti. Mara nyingi ni kaunta ya tatu, aliyeacha menyu wazi akaenda zake. Nampigia simu.